Skrini Niliyoikataa Hirbadaw

Jumatatu ya kwanza ya mwezi Machi, saa tatu asubuhi, niliwasili kijijini Hirbadaw nikiwa na kompyuta mpakato, simu mbili, na uamuzi ambao nilikuwa sijaufanya. Chama cha wafugaji kilinipa kazi ya kujenga kanzidata ya mifugo. Chanjo ingeanza katikati ya Aprili, na mnyama asiyekuwemo kwenye kanzidata siku hiyo hangechanjwa.

Kanzidata yenyewe nilikuwa nimeimaliza nyumbani Dongobesh, kaya zote zimo, na nilijua ni imara. Kilichobaki ni kurasa za mbele, zile ambazo watu wangeziona na kuzigusa. Zana zilikuwa mbili. Ya kwanza husoma majedwali na kukutengenezea fomu papo hapo. Siku moja, kazi imekwisha. Ya pili inakuachia uandike kila ukurasa mwenyewe, nao unafunguka kwenye simu hata pasipo na mtandao, lakini inakula wiki nzima nzima.

Mimi nilianza kidato cha kwanza nikiwa mjane mwenye watoto. Mabinti wa dawati langu walikuwa wakiniamkia shikamoo, kisha wakinakili hesabu zangu. Aliyesoma akiwa mtu mzima hapendi kupoteza muda, kwa hiyo asubuhi ile nilikuja na fomu za zana ya haraka ili zijaribiwe.

Katibu wa chama, mwalimu mstaafu aliyetoka nyanda za juu kama mimi, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama kompyuta. Leo umetuletea mashine au maneno?"

"Mashine. Maneno nakuachia wewe."

Wa kwanza kuitwa alikuwa mama kijana aliyetaka kusajili ng'ombe aliopewa alipoolewa. Mumewe alikuwa mbali akichunga, upande wa Yaeda Chini. Katibu akasoma kisanduku cha juu: "Jina la mkuu wa kaya?"

Yule mama akainamisha kichwa. Katibu akauliza tena, kwa sauti ya darasani.

"Binti, hujui unaishi kwa nani?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. "Anajua kukushinda, mwalimu," mmoja akasema. "Unataka amtaje baba mkwe wake? Mtaje wewe!"

Kwa wafugaji wa pale, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe. Desturi hiyo niliijua, fomu haikuijua. Jedwali la kaya linaanza na jina, basi na fomu ikaanza na jina, na bila jina haikufungua chochote.

"Jirani amtajie, tuendelee," katibu akaamua.

"Na siku jirani hayupo?" yule mama akauliza, macho yakiwa bado chini. "Ng'ombe wangu wabaki bila chanjo?"

Nikamuuliza ng'ombe wa boma lao wana chapa gani. Akaichora kwa kidole kwenye vumbi la meza bila kusita: mstari, na nusu duara juu yake. Nikafunga kompyuta.

"Mwalimu, hii siitumii. Nitaandika kurasa upya, kaya itafutwe kwa picha ya chapa."

"Mama, Jumamosi kuna mkutano! Nitawaonyesha nini wanachama?"

"Waonyeshe kanzidata. Skrini watagusa Aprili."

"Wanawake si watakuja na waume zao?"

"Huyu amekuja na nani?"

Nilimwachia katibu fomu za haraka kwa ajili ya taarifa zake za ofisini, kwa sababu hapo zinafaa sana, na kanzidata moja haikatazwi kuwa na milango miwili. Kisha nikarudi Dongobesh kuandika. Chapa zilipigwa picha, zikapangwa kubwa kubwa kwenye ukurasa, ili kidole kilichozoea kukamua kisikosee. Nilimaliza Jumapili ya pili ya Aprili, baada ya ibada.

Siku ya chanjo mtandao haukuwepo Hirbadaw, na hakuna aliyeuhitaji. Yule mama alishika simu, akapitisha kidole taratibu, akasimama kwenye mstari na nusu duara, akabonyeza. Boma lao likafunguka. Wakati wote huo hakuwa ametamka neno.

"Walio wangu waandikwe peke yao," akasema sasa, macho juu.

Nikamwonyesha kitufe. Akaandikisha mmoja mmoja, akiwataja kwa rangi zao.

Katibu alikuwa akichungulia begani kwangu. "Mama kompyuta, na mimi nitafute kwa chapa."

"Wewe huna ng'ombe, mwalimu," yule mama akamjibu kabla yangu. "Wewe tutakutafuta kwa jina."

Akanirudishia simu, akaenda kuswaga ng'ombe wake kwenye foleni.