Maneno Aliyoyasema Jikoni

Pale saluni walimwita Vidole, maana kichwa ambacho msusi mwingine angekishindia kutwa, yeye alikimaliza kabla ya saa nane mchana. Alikuwa na mwaka wa tatu tangu aachike. Mtoto hakuwa naye, na siri zake zote alimpa mdogo wake wa kike. Walikuwa chanda na pete.

Mdogo mtu alikuwa mwimbaji. Yeye na rafiki yake wa shule waliimba pamoja, wawili tu, nyimbo za kurukaruka zilizovuma na kupotea. Kisha wakatoa wimbo wa taratibu, wa watu walioumia wakapoa. Haumtukani mwanamume wala haulii. Unasema tu, "Nililala mapema, si kwa usingizi, nisikusikie ukiingia."

Vidole alipousikia mara ya kwanza, kitana kilimponyoka. Maneno yale aliyasema yeye, jikoni kwa mdogo wake, akidhani yameishia pale.

Redio ilikuwa ya mwenye saluni, na mwenye saluni aliupenda wimbo kufa. Wateja nao waliitikia. "Huyu dada kakomaa," walisema. "Anakiri kwamba na yeye alikosea." Vidole alizidi kuvuta nywele za mteja.

Jumamosi moja asubuhi akaja mama wa aliyekuwa mumewe. Talaka haikumhamisha, alidai hakuna mkono mwingine unaomsuka bila kumtoa machozi. Walikuwa wamefika nusu ya kichwa wimbo ulipoanza. Mama yule akausikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu aliniambia ulikuwa unajifanya umelala," akasema polepole. "Nikamgombeza. Nikamwambia anakusingizia."

Vidole alitamani ardhi ipasuke. Lakini angekimbilia wapi, na kichwa cha mtu kimo mikononi, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama?

"Hakunisingizia, mama."

Mteja wa kiti cha pili akajitia kuangalia kucha zake.

"Kumbe nilimwonea mtoto wangu," mama akasema, akainyoosha shingo. "Haya, suka."

Akasuka saa mbili nzima bila mmoja wao kufungua mdomo.

Jioni akampigia mdogo wake. "Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa, dada."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi unaona? Na watu wanavyoupenda!"

Mama yule hakuhama saluni, na afadhali angehama. Kila baada ya wiki tatu anakuja, anaketi kwa Vidole, anasalimia vizuri, kisha ananyamaza mpaka msuko wa mwisho.

Mdogo mtu naye huja Jumapili. Siku hizi ana maswali. "Hivi siku ile shemeji anaondoka, alikwambia nini?" Vidole anamuuliza kama chai imekolea sukari. Alichoambiwa siku ile anacho kifuani, wala hana tena wa kumwambia.