Tumbo la Anti Wambui

Nilipokuwa na miaka tisa, watu wa ploti yetu ya nyumba za kupanga kule Uthiru waliamini kwamba mwanamke mwenye mimba akimtazama sana mtu mwenye kasoro, mtoto wa tumboni huichukua kasoro hiyo. Na pale ploti mtu wa kutotazamwa alikuwa mmoja tu, mimi. Nilizaliwa na baka jeusi kutoka juu ya jicho la kushoto hadi kwenye taya, lenye vinyweleo ambavyo watoto wa shule walisema ni vya panya.

Jirani yetu, Anti Wambui, ndiye aliyenisuka kila Jumamosi mama akiwa kazini Hurlingham, alikosafisha ofisi. Alikuwa akikilaza kichwa changu magotini pake bila woga, na akimaliza aliacha rasta mbili zianguke upande ule wa kushoto.

"Hapo sasa uko sawa," alikuwa akisema.

Ukimwondoa mama, hakuna mtu mwingine aliyewahi kunishika shavu lile.

Halafu akapata mimba, na mamake akaja kutoka shamba kumwangalia. Jumamosi moja nilipobisha na chanuo langu mkononi, Anti Wambui alivuta leso akafunika tumbo, akatazama sakafu.

"Shiro, ngoja kwanza nijifungue, sawa?"

"Na nani atanisuka?"

Mamake ndiye aliyefunga mlango.

Nilivumilia wiki kadhaa. Alasiri moja nikamkuta amelala mkekani nyuma ya nyumba, chini ya kamba za nguo, tumbo likipanda na kushuka. Sikuteleza, wala hakuna aliyenisukuma. Nilipiga magoti, nikalaza shavu langu la kushoto juu ya tumbo lile, nikanong'ona, "Fanana na mimi."

Mtoto akacheza. Nilimsikia kwa ngozi ya shavu.

Anti Wambui alishtuka akapiga mayowe, na wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji wakaja mbio. Jioni mama alipofika na kuelezwa, aliniuliza mbele ya wote, "Shiro, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasalimia mtoto."

Hakuuliza mara ya pili. Alimgeukia Anti Wambui, mja mzito wa miezi saba, akamtolea maneno ambayo sijamsikia akiyatumia tena maishani. "Mtoto anakusalimia unapiga nduru? Uko na roho gani wewe?" Anti Wambui alilia tu. Aliniangalia mara moja, nikajua kwamba alinisikia nikinong'ona. Hakusema.

Mtoto alikuwa msichana. Anti Wambui mwenyewe aliniita nikamwone. Nilimtazama uso, nikamgeuza masikio, nikafunua shingo. Hakuwa na hata doa. Ningependa kusema nilifurahi. Nilianza kulia, na Anti Wambui alijua si kwa furaha.

"Hata mimi nilitafuta," alisema polepole. "Walipomleta tu, kitu ya kwanza niliangalia ni shavu."

Tukakaa hivyo, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Baada ya miezi michache walihama, na sijamwona tena.

Siku hizi nafanya kazi kwenye kaunta katikati ya jiji. Watu hunitazama usoni kutwa nzima, nami nimezoea. Lakini wageni wakija nyumbani, mama hupenda kusimulia siku aliyomnyamazisha jirani aliyemdharau mwanawe. Husimulia kwa fahari, amenishika mkono, nami hucheka pale wageni wanapocheka.

Ningeweza kumwambia. Angenisamehe kabla sijamaliza, namjua. Ila ingebidi pia ajue kwamba, katika ploti ile yote, mtu aliyeuona uso wangu kuwa laana kuliko wengine alikuwa mimi, na kwamba nilitaka kumtupia laana hiyo mtoto wa watu ambaye hajazaliwa. Mama hajawahi kuuona uso wangu hivyo hata siku moja. Kwa hiyo nanyamaza, na yeye anaendelea kusimulia.