Birika Juu ya Meza ya Leza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka huo zote zilimwangukia mzee mwenye kisiagi cha mahindi, jirani wa maabara yetu hapa Kitale.

Nilikuwa natengeneza leza ya kifaa kidogo cha kupima mvutano wa dunia, ili siku moja kitafute maji chini ya mashamba ya kwetu Tongaren. Leza hiyo humulika kichupa chenye mvuke wa metali iitwayo rubidi. Atomu za rubidi hazibembelezwi: zinakubali rangi moja tu ya mwanga, na leza ikihama hata kidogo, zinaikataa. Yangu ilihama kila siku saa nne asubuhi. Wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa. Isipotulia saa nzima mbele yao, vyombo vyote vingerudishwa Nairobi.

"Kisiagi chako kinatetemesha meza yangu!" nilimfokea mzee.

"Sawa, mwalimu. Saa nne nitakuwa nazima."

Akina mama wakawa wanangoja juani na madebe yao. Na leza, ala! Ikaendelea kuhama vilevile.

Alhamisi niliegemea ile meza ya chuma nikahisi joto. Kando ya leza lilikaa birika la chai ya saa nne. Ni mimi mwenyewe niliyeagiza liwekwe hapo. Kwetu Tongaren chai haiwekwi sakafuni kama maji ya mbwa. Mama angenigombeza hata leo. Kumbe joto lilitambaa kwenye chuma mpaka kwenye leza, nayo ikabadili rangi. Nilicheka peke yangu, halafu aibu ikanishika. Nikasema mzee nitamwambia baadaye.

Ijumaa chai ya wakaguzi niliiweka dirishani. Saa nne ilipogonga, kisiagi kikanyamaza. Mstari kwenye kompyuta ulikuwa umenyooka kabisa. Ningekaa kimya tu, nani angejua? Lakini kupitia dirishani niliwaona wale akina mama juani. Nikatoka.

"Mzee wangu, washa. Kosa lilikuwa birika langu, si kisiagi."

"Nilijua si kisiagi," akasema, akipangusa unga kwenye nyusi. "Lakini leo ungeshindwa, ungesema ni mimi."

Ni kweli, ningesema. Akawasha. Nikarudi ndani mbio, roho mkononi, nikautazama mstari. Haukuhama.

"Hizo kelele ni za nini?" mkaguzi mmoja akauliza.

"Ni jirani yangu," nikasema, nikamwongezea chai.