Mbao Iliyoua Samaki Wangu

Baba yangu alinuka rangi ya viatu, ingawa mwenyewe alivaa kandambili mwaka mzima. Alikuwa mchongaji, na wachongaji wa kwetu Ukambani, wakishamaliza twiga au kifaru wa jacaranda na kumpiga msasa, humpaka rangi ya viatu na kumsugua kwa kitambaa mpaka ang'ae kama kiatu cha askari. Harufu hiyo ilitangulia kuingia kila jioni kabla ya Baba mwenyewe, ikachanganyika na moshi wa viwanda vya mtaa wetu wa Baba Dogo na mafuta ya taa ya jiko letu. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha kupanga kwenye ploti: Baba, Mama na mimi, Mwende, mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye kila mtu alisema ana mdomo. Nilikuwa nao. Bado ninao. Nasema mapema ili msomaji asikae akingoja mahali nitakapojuta.

Likizo ya Aprili mwaka huo nilipelekwa kung'olewa jino, na pale kwenye benchi la kungojea nikaona tangi la vioo lenye mimea hai ndani. Mimea ile ilisimama majini ikiyumba polepole, kijani kibichi ambacho kwetu hatukuwa nacho hata nje. Nililisahau jino. Mwanamume aliyekuwa akilisafisha nilimuuliza maswali mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi. Alinieleza yote: maji ya mfereji yakae wazi siku mbili kwanza, dawa yake itoke, mchanga uoshwe bila sabuni, mimea itangulie, samaki wafuate baada ya wiki kadhaa, na kila wiki utoe maji kidogo, si yote, urudishe mengine. Nilitoka pale na pamba mdomoni nikiwa nimeshaamua.

Fundi wa madirisha aliyefanya kazi kando ya kibanda cha Baba alinipa vipande vya vioo na kuvibandika kwa silikoni. Mchanga niliuokota mahali palipojengwa ghorofa, nikauosha kwenye bomba la ploti mpaka vidole vikakunjamana. Hapo ndipo Mama Shiro, jirani yetu aliyeuza mboga, alipoanza. "Wee Mwende, eti samaki wa kuangalia? Kwetu Murang'a samaki anaangaliwa akiwa na ugali kando!" Nikamwambia, "Basi, Mama Shiro, njoo na ugali wako uwaangalie." Wanawake waliokuwa wakifua walicheka mpaka mmoja akaangusha sabuni. Mama hakucheka. Kabati lake la vikombe lilikuwa limevunjika vioo, na alikuwa amevipima vile vya tangi kwa macho. "Siku litakaponuka," akasema, "linatoka. Na vioo ni vyangu."

Mimea niliitoa Njiru, kwenye shimo la zamani la mawe lililojaa maji ya mvua, siku tulipokwenda kumsalimia shangazi. Niliipanda vibaya. Tangi nililiweka nyuma ya pazia lililotenga kitanda, gizani, na baada ya wiki moja majani yakawa kahawia na kuteleza kama bamia. Sikulia. Niliyakata yaliyooza, nikaondoa sufuria za Mama dirishani, nikasogeza tangi mahali ambapo jua liliingia asubuhi mpaka saa nne, nikaibana mizizi kwa vijiwe. Wiki ya tatu jani jipya likachomoza. Kisha lingine. Jua likipiga, viputo vidogo vya hewa vilijipanga juu ya majani kama shanga, na mimi nilikaa pale chini nimeshika kidevu hadi niitwe mara nne. Samaki niliwavua kwa kipande cha chandarua katika mtaro wa nyuma ya kibanda cha Baba: sita, wadogo kama ukucha, wenye mikia ya rangi, wale wanaoishi hata mahali palipowashinda mbu.

Baba hakuwa amesema neno muda wote huo. Jioni moja akafungua gazeti juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na daraja dogo la jacaranda lenye matundu matatu ya samaki kupita, limefungiwa jiwe chini lisielee. Liling'aa. Alikuwa amelipaka na kulisugua kama kazi ya kuuzwa, maana hakujua namna nyingine ya kumaliza kitu. "Haya, mama, weka," akaniambia. Nikaweka. Samaki wakapita matundu yote matatu, na Baba akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

Asubuhi maji yalikuwa na utando wa rangi rangi juu, na samaki walikuwa wamejazana juu wakipiga midomo. Jioni wanne walikuwa wamekufa. Kesho yake hapakuwa na hata mmoja aliye hai, na tangi lilinuka. Mama alishika kiuno. "Samaki wa mtaro, Mwende! Samaki wa mtaro wamekushinda? Jumapili tukitoka kanisani, hili linatoka." Baba alikuwa akivua shati. Ningenyamaza, ningepoteza tangi na kuitwa mtoto mzuri. Nikasema, "Si mimi. Ni mbao ya Baba. Rangi ya viatu imeua samaki wangu."

"Mwombe babako msamaha," Mama akasema.

"Wa nini? Ni kweli."

"Mwende!"

"Kwani nikidanganya ndiyo nitakuwa na adabu?"

Nilipigishwa magoti nje, kando ya bomba, kila mtu anione. Mama Shiro alipita na kikapu chake, akainama. "Sema tu pole, mtoto wangu, uingie ule. Pole hainunuliwi." Sikusema. Magoti yaliwaka moto, giza likaanza kuingia, na mwishowe ni Mama aliyechoka. Baba hakunisemesha siku tatu. Alikula akitazama ukuta.

Jumamosi alirudi mapema, amebeba mikebe miwili. Aliiweka mezani mbele ya Mama. Katika mmoja mlikuwa na kipande cha jacaranda kilichopakwa rangi na samaki watatu wa mtaro, tumbo juu. Katika wa pili, kipande kikavu kisichopakwa chochote, na samaki watatu wakizunguka. "Siku mbili tu," akasema. "Mama Mwende, kesho usiguse hilo tangi." Kisha akanigeukia. "Ungeniambia polepole."

"Ungesikia?"

Akafikiri kweli. "Hapana," akasema, akachukua msasa na kuanza kulikwangua daraja lake mwenyewe. Tulilichemsha, tukaliloweka, likatoa maji mekundu kama strungi, chai isiyotiwa maziwa, tukayamwaga, tukaliloweka tena. Nikaosha mchanga upya, nikaanza upya. Kabla ya Agosti kulikuwa na vitoto vya samaki vikijificha katikati ya mimea, visivyohesabika, na Mama mwenyewe ndiye aliyewaita wageni wake kuja kuona.

Sasa ni mtu mzima, nakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, dirisha limetazamana na ukuta wa jirani, na saa sita mchana nawasha taa ili nione ninachopika. Nina tangi, na mimea yake inaishi kwa balbu. Binti yangu Kavata ana miaka saba, na ndiye anayewatafutia samaki viluwiluwi vya mbu. Juzi mwalimu wake aliandika kwenye diary, kile kidaftari cha kuwaandikia wazazi, kwamba hana adabu: amewazuia wenzake kunywa maji ya pipa la darasa, amemwambia mwalimu kwamba yana wadudu, na amekataa kuomba msamaha. Eti nimfunze adabu nyumbani. Mama mkwe amesema nimchape mapema kabla mdomo haujakomaa. Nimewasha hasira tangu siku hiyo na sitaizima. Baba yangu hakumaliza shule ya msingi, aliumia moyoni kwa maneno ya mtoto, lakini alikwenda akaangalia. Hawa wenye vyeti wamemtazama mtoto. Pipa hakuna aliyelifunua. Nilishika kalamu, nikatia sahihi mahali pa mzazi, na chini yake nikaandika: Mtoto amesema kweli. Fungueni pipa, halafu mumuulize alijuaje.