Mpiga Picha wa Malangali na Alizeti Yake Kaidi

Ukitaka kumtambua mtu wa Malangali, hapa Sumbawanga, aliyewahi kupigwa picha na Adolfu, mwangalie kidevu. Miaka ishirini na mbili huyu bwana anawainua watu videvu kwa vidole viwili, wa paspoti, wa kipaimara, wa harusi, mpaka kuna kina mama wakikutana naye sokoni wanainua wenyewe kabla hata hajawasalimia. Studio yake ni fremu moja: pazia la bluu, stuli moja, dirisha moja. Mimi nina steshenari mlango wa pili, na ukuta kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Alizaliwa Mpui, kwenye nyumba ya mahindi na ulezi. Akalikimbia jembe, akaja mjini na kamera ya filamu aliyoachiwa na mjomba wake. Enzi hizo alikuwa anadandia lori mpaka Kate kufuata harusi moja, analala huko, anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Kazi anaijua, kwa hilo sibishani naye. Ila Mungu alipokuwa anagawa wivu, Adolfu alipanga foleni mara mbili. Anazionea wivu simu zinazolainisha sura. Anamwonea wivu padri aliyenunuliwa kamera na waumini. Siku moja nilimkuta anaionea wivu picha aliyoipiga mwenyewe mwaka 2009, eti siku hizo mwanga ulikuwa unamheshimu.

Lakini wivu wote huo ulikuwa mazoezi. Mechi yenyewe ilianza siku binti yake Justa, wa darasa la sita, aliposimama mlangoni na begi mgongoni.

"Baba, Jumamosi sitakuja studio. Nina klabu."

Jumamosi! Kwa miaka mitatu Justa ndiye aliyekuwa anashika ule ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni kwa mteja. Jumamosi na Justa ndiyo wiki yake Adolfu. Siku nyingine sita anazisukuma tu zipite.

"Klabu ya nini?"

"Ya sayansi. Mwalimu Tadei anatufundisha picha."

Nilisikia kitu kinaanguka upande wa pili. Nadhani ni kifuniko cha lenzi.

"Anawafundisha nini?"

"Picha, baba."

Mwalimu Tadei ni kijana wa sweta moja la kijani, ana miaka miwili tu pale shuleni. Hana kamera. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, ameifunga kwenye tofali kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, inatazama ulezi uliolowekwa na kutandazwa juu ya gunia bichi. Simu inapiga picha moja kila dakika kumi. Baadaye wanaziunganisha zote na kuzikimbiza, siku mbili zinapita ndani ya nusu dakika.

"Baba, mzizi ndio unaotoka kwanza!" Justa alikuwa anaongea kama mtu anayetangaza mpira. "Unatoka, unapapasa chini, kama wewe ukiamka unavyotafuta ndala. Halafu unaota ndevu! Ndevu ndogo nyeupe, ndizo zinazokunywa maji. Kila siku mama analoweka ulezi wa kimea na hatujawahi kuziona!"

"Simu ina ufa."

"Ndiyo."

"Imefungwa kwenye tofali."

"Mwalimu anasema cha muhimu ukishaiweka usiguse kitu. Ukigusa umeharibu."

"Mwalimu anasema," Adolfu akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeuma ndimu. Mwalimu anasema! Mtu mzima, mpiga picha wa kata nzima, mwanawe anafundishwa picha na tofali.

Jumamosi mbili zikapita bila Justa. Ubao mweupe ulikuwa unashikwa na wateja wenyewe, na kila picha ilitoka na kivuli chini ya pua. Mkewe, Margareth, alipochoka kusikia habari za Tadei asubuhi na jioni, akamwambia: "Si na wewe upige za kwako? Mtoto akiona za kwako nzuri zaidi atarudi. Au unaogopa tofali?"

Kesho yake Adolfu akaja na kopo la rangi lenye udongo, na ndani yake mche mdogo wa alizeti, majani mawili tu. Alinieleza kuwa ulezi hauna sura, alizeti ina sura. Akaliweka kopo juu ya stuli ya wateja, mbele ya pazia la bluu, dirisha likiwa upande wa kushoto. Kisha akaniita.

"Wewe wa nusu diploma ya kompyuta, hii kamera wanasema inaweza kujipiga yenyewe. Hebu ile nusu uliyosoma inisaidie."

Nikatafuta, nikakipata kipengele. "Mwalimu anatumia dakika ngapi?" akauliza.

"Kumi."

"Weka tano."

Asubuhi ya kwanza nikasikia kupitia mbao: "Haya, mama, angalia huku. Kidevu. Juu kidogo. Hapo hapo." Nikadhani amepata mteja. Nikachungulia. Alikuwa ameinama mbele ya alizeti, vidole viwili chini ya majani, analigeuza kopo taratibu mpaka mche ukaielekea kamera. Alifanya hivyo robo saa nzima huku kamera imeshawashwa, inapiga.

Akatoka na kamera yake ya pili kwenda kupiga picha za ubatizo. Aliporudi mchana, alizeti imempa bega. Inatazama dirishani.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Anakuta asubuhi imeangalia dirisha, anaigeuza, anaibembeleza, anatoka, anarudi, imeangalia dirisha. Siku ya tatu alianza kuigombeza. "Nimepiga wabunge mimi," nilimsikia, "walikaa sawa." Siku ya nne akaacha kuigombeza, akaanza upelelezi. Alianza na mimi.

"Umeingia humu?"

"Niingie kufanya nini, braza, kuiposa?"

Hakucheka. Na bahati mbaya jioni ile Justa alipita kuchukua ufunguo wa nyumbani, ambao huwa unaning'inia pembeni ya pazia, hatua moja kutoka kwenye stuli.

"Ni wewe," Adolfu akasema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Unaigeuza. Kila ukija kuchukua ufunguo unaigeuza. Amekutuma."

"Nani?"

"Huyo Tadei wako. Ameona ya kwangu itakuwa nzuri, amekutuma uniharibie."

Niliacha hata kutoa kopi, mashine ikabaki inanguruma bila kazi.

"Baba," Justa akasema polepole, "yaani mimi nitumwe nikuharibie wewe?"

Nikasikia ufunguo unachukuliwa, mlango unafungwa, bila kubamizwa. Afadhali angebamiza.

Siku zilizofuata mtoto alikuwa anampa baba yake "shikamoo" asubuhi, anapokea "marahaba," biashara imeisha. Ubao mweupe sasa ulikuwa jambo dogo. Margareth alikuja dukani kwangu kununua daftari, akaniambia ndani kwake kuna baridi mbili, ya Sumbawanga na ya baba na mwana, na ile ya Sumbawanga angalau ina blanketi. Akaongeza kwamba Adolfu anakula nusu sahani. Lakini kuomba radhi? Thubutu. Yeye alikuwa na mpango: kamera ilikuwepo muda wote, kwa hiyo aliyegeuza atakuwa ameonekana. Akaiacha imalize siku saba, halafu jioni akaja kwangu na kadi mkononi kama askari aliyeshika hati.

"Leo namkamata. Unganisha."

Nikaunganisha. Tukakaa mbele ya kompyuta. Video ikaanza: alizeti imeangalia dirisha. Ghafla mkono. Mkono wa mwanamume, shati la mistari, vidole viwili chini ya majani. Mkono ukatoweka, alizeti ikabaki imeikabili kamera. Kisha, bila mtu, bila mlango kufunguliwa, ikaanza kuzunguka shingo yenyewe. Taratibu, kwa dharau, kama bibi harusi aliyemwona mtu mzuri zaidi upande wa pili wa kanisa. Ikafika dirishani, ikatulia. Mkono tena. Shingo tena. Siku saba, mkono mara saba, na hakuna kiumbe mwingine aliyeingia kwenye picha zile.

"Rudia," akasema.

Nikarudia mara tatu.

"Simamisha hapo. Huyo ni nani?"

"Braza Dolfu, hiyo saa umeivaa hata sasa."

Akaitazama saa yake, akaitazama ya kwenye kioo. "Kadi imeharibika," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshamhama.

Hatukumwona Justa alipoingia. Alikuwa ameleta karatasi ya klabu nimtolee kopi. Alisimama nyuma yetu, akaiangalia video mpaka mwisho. Nilitegemea atacheka au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Rudisha siku ya kwanza," akaniambia. "Twende picha moja moja."

Akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kioo, tangu mkono ulipotoka mpaka alizeti ilipofika dirishani. Arobaini na nane. Kila moja dakika tano. "Saa nne," akasema. "Imechukua saa nne kurudi." Ndipo akamgeukia baba yake, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu ile jioni ya ufunguo. "Naomba niipeleke klabu."

"Chukua," Adolfu akasema haraka. "Chukua, mama, ni yako."

"Lakini uje na wewe. Ukamwambie mwalimu ulichonisingizia."

Kumwomba radhi mtoto chumbani, labda. Lakini kusimama mbele ya sweta la kijani na kukiri wivu kwa mdomo wake mwenyewe! Alitazama mlango, akatazama sakafu, akanitazama mimi, na mimi nikajifanya natafuta wino. Justa alisubiri. Ana subira mtoto yule, ameshinda na ulezi siku mbili.

"Sawa," Adolfu akasema.

Jumamosi akavaa koti la kupigia harusi. Mimi nilikwenda kwa sababu kompyuta ni yangu, nisingekosa hata kama ingekuwa ya mwingine. Watoto kumi na saba na Mwalimu Tadei wakajazana mbele ya kioo. Mkono ulipotokea mara ya kwanza walicheka, mara ya pili wakapiga makofi, mara ya tatu wakanyamaza, kwa sababu walianza kuiangalia alizeti.

"Inarudi!" akapiga kelele msichana mmoja, Silvana. "Tena inarudi!"

"Haina macho. Imejuaje?" mwingine akauliza.

Justa akajibu, huku anapinda mkono wake kuonyesha: upande wa shina ulio kivulini unarefuka zaidi ya upande ulio kwenye mwanga, kwa hiyo shingo inalalia kwenye mwanga. "Ukiigeuza, kivuli kinahamia upande mwingine. Inaanza upya."

Mwalimu Tadei alikuwa amesogeza pua karibu na kioo. "Sisi hatukugusa kitu," akasema, kama anayejisemea. "Tungejuaje kwamba inarudi?"

Adolfu akakohoa. Akasimama. Akainua kidevu chake mwenyewe.

"Mwalimu, mimi nilisema umemtuma mtoto aniharibie alizeti. Nilimsema Justa kwamba ametumwa. Hakutumwa. Nimemkosea yeye, na wewe pia."

Nilikuwa nasubiri mwalimu ajibu kitu, aringe kidogo, au hata atoe tabasamu la ushindi, maana ndivyo ningefanya mimi. Tadei alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la mtaa mwingine.

"Haina shida, mzee wangu," akasema. "Sasa, kwenye hesabu ya Justa, ile siku ya nne. Siku ya kwanza picha arobaini na nane, siku ya nne sabini na moja. Ilichelewa sana. Uliigeuza saa ngapi? Maana saa ya kamera yako haijarekebishwa, inasema ni Januari mosi usiku."

Nilimwona Adolfu anavyopigwa na hilo. Wivu wote ule, wiki zote zile, na mwenzake hakuwa na habari hata kidogo kwamba wanashindana. Akakaa. Akajikuna kichwa. Halafu akaanza kukumbuka, na akikumbuka mwanga Adolfu hana mpinzani.

"Siku ya nne niliigeuza saa mbili na robo. Saa tatu mawingu yakaziba, yale mazito, mpaka saa saba hivi. Nilipiga paspoti mbili, mmoja mama mwenye mtoto mgongoni, nikalazimika kuwasogeza dirishani kabisa kwa sababu nyuso zilikuwa za kijivu. Saa saba na nusu jua likatoka, na paji la uso la yule wa pili likang'aa, nikamwambia afute."

"Polepole, baba," Justa akasema. Alikuwa amefungua daftari, anaandika. "Mawingu saa tatu mpaka saa saba. Ya tano?"

Mwalimu akainama kulitazama daftari, kichwa chake karibu na cha Justa. Adolfu akavuta kiti, akakipenyeza katikati yao, akaketi.

"Ya tano," akasema, "kulikuwa na jua tangu asubuhi. Andika."