Mama Aende Umra, Mirriam Abaki Kandara

Basi lilimshusha Mirriam Jedda saa moja asubuhi, miguu imevimba. Madam wake wa Al-Naseem, kule Riyadh, alikuwa amempa siku mbili, ya tatu awe jikoni. Mwaka mmoja na miezi saba hakuwa amepumzika hata siku moja.

Mamake, Mwanaisha, alimngoja kwenye chumba cha kukodi pale mtaa wa Kandara, ameshavaa buibui, fimbo mapajani. Alikuwa amekuja umra na wazee wenzake wa Mumias, wakiongozwa na ustadhi wao. Akamtazama binti yake toka kichwani hadi viatuni.

"Wanakulisha?"

"Wananilisha, mama."

"Kinaenda wapi hicho chakula?"

Mirriam akacheka kichovu, akaketi.

Kesho asubuhi kikundi kingekwenda Maka, mji asioruhusiwa kuingia asiye Mwislamu. Mguu wa mama haungeweza kuzunguka Kaaba mara saba, angehitaji kiti cha magurudumu, na alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba hasukumwi na mtu wa kukodi wakati ana mtoto. Maneno hayo mama aliyarudia kwa simu, na Mirriam alisafiri nayo njia nzima kutoka Riyadh. Mama alijua binti yake ameolewa na Japheth, mtu wa kanisa. Hakujua kwamba naye amebatizwa. Na ikama, kibali chake cha kuishi, haingemuumbua, maana wakala aliyemsafirisha alimuuliza dini ya babake, akaandika hiyo hiyo.

"Twende nje," mama akasema. "Hizi siku mbili si za kutazamana."

Walianza na msikiti wa kale mjini, wa mawe ya matumbawe. Mama aliupapasa ukuta kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akataka kwenda kwa mama Hawa, mke wa Adamu, anayesemekana amezikwa karibu na Kandara. Walikwenda hatua kwa hatua, wakipumzika kwenye vivuli vya maduka. Mirriam alisinzia amesimama, mara mbili.

Langoni mwa makaburi mlinzi akapunga mkono. "Harim mafi."

"Anasemaje?"

"Wanawake hawaingii."

"Kwani aliyelala humo ni mwanamume?"

"Wengine wanasema hata hayumo, mama."

"Basi huyu analinda nini?"

Akajishusha kwenye ukingo wa barabara, mgongo ukutani, akafungua viganja. "Inua mikono, Mirriam. Ni mama yako pia."

Mikono haikuinuka. Siku nyingine angeiinua tu, yaishe. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao ni mzigo, unataka mtu mwenye nguvu.

"Mama, nilibatizwa."

Mwanaisha alimaliza dua yake, akajipangusa uso. "Lini?"

"Kabla Cliff hajazaliwa."

"Mtoto ana miaka minne. Nani mwingine anajua?"

"Wifi Rispah. Na watu wa kanisani."

"Kwa hiyo Mumias nzima, isipokuwa mimi."

"Nitakusukuma, mama. Karatasi zinasema mimi Mwislamu. Hakuna atakayejua."

"Hakuna?" Mama akamgeukia. "Nitoke Mumias na mguu huu, nifike mbele ya Mungu, uongo ukinisukuma mgongoni?"

Walirudi chumbani. Mama hakugusa chakula. Jioni Mirriam aliukanda ule mguu kwa mafuta, na mama akamwachia, uso ukutani.

"Huko kanisani kwenu," akasema baadaye, "huwa unaniombea?"

"Nikiwa na nguvu."

"Angalau hujanidanganya tena."

Asubuhi wenzake walikuwa tayari basini. Mmoja akauliza kwa sauti, "Binti haji? Si ulisema ndiye dereva wako?"

Mirriam akainamisha macho, akingoja.

"Amechoka," mama akajibu. "Hamna macho? Ustadhi, nitafutie huyo wa kukodi." Akamgeukia binti yake. "Panda kwenye kitanda changu ulale. Usifue kitu, usipike kitu."

Alilala na viatu miguuni. Simu ilipomwamsha ilikuwa saa tisa alasiri.

"Nimemaliza," mama akasema. "Kijana aliyenisukuma ni wa Bangladeshi, anakimbia utadhani ameacha ugali motoni. Umelala?"

"Nimelala, mama. Mnafika saa ngapi?"

"Ustadhi anasema saa kumi na moja."

"Basi langu ni saa kumi."

Mama akaisogeza simu sikioni. Nyuma yake watu walikuwa wakiitana majina.

"Na la kesho?"

"Kesho madam ana wageni."

"Haya. Nilikuwa na neno la kukuambia nikikuona."

"La kunigombeza?"

"Nusu yake. Sasa litangoja hadi mkataba uishe." Akashusha pumzi. "Huyo mchungaji wenu hakukubadilisha jina?"

"Hakubadilisha."

"Vizuri. Nililichagua mimi."

Huku wakizungumza, Mirriam alikuwa amekwisha kutandika kitanda na kubeba mfuko wake. Alisema amefika mlangoni.

"Usikate mpaka upande," mama akasema. "Niambie unapita wapi."

Akamwambia: duka la simu, kinyozi, mkahawa wa Mhabeshi, paka watatu juu ya gari. Mama akawa anaitika kila kimoja.