Faili za Wanawake Kumi na Mmoja

Larissa alikimbia Burundi akiwa mwaka wa pili wa informatique, yaani masomo ya kompyuta, na kwa miaka sita baada ya kupita Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, hakugusa kompyuta. Alilima maharage kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mama yake, Adélaïde, na siku za soko akauza sabuni na chumvi. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza mafunzo ya mitandao ya kompyuta mjini Mbarara, alikwenda kujiandikisha na udongo bado uko kwenye kucha.

Mwalimu wao aliitwa Nuwagaba. Siku ya kwanza aliweka mezani kisanduku cha bati chenye matundu ishirini na manne.

"Hii ni swichi," alisema. "Kila kompyuta inachomeka waya yake hapa. Swichi inakumbuka nani yuko tundu gani, halafu inapeleka ujumbe kwa mwenyewe tu."

Akawaonyesha kwamba swichi mpya ni kama nyumba ya chumba kimoja: kompyuta yoyote inaweza kuifikia nyingine. Ukitaka kuzitenga, unayagawa matundu kwa kuandika amri. Kila fungu mafundi huliita VLAN, na kompyuta ya fungu hili haiioni ya fungu lile, hata kama waya zao zimechomekwa kwenye kisanduku kilekile.

"Sasa sikilizeni," alisema Nuwagaba. "Ukiandika amri, swichi inaitii palepale, lakini inaishika kichwani tu. Lazima uiambie ihifadhi. Usipoiambia, umeme ukienda itaamka imesahau yote."

Kabla ya kutoa alama alikuwa akizima swichi ya kila mwanafunzi na kuiwasha tena. Larissa hakuanguka jaribio hilo hata mara moja.

Aliporudi Nakivale alipata kazi kwenye kituo kimoja cha jamii. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta za kila mtu: waliosoma, walioomba kazi, waliotafuta ndugu zao. Nyuma kulikuwa na ofisi ya msaada wa sheria, ambako wanawake waliandikisha yaliyowapata huko walikotoka. Swichi ilikuwa moja kwa pande zote mbili. Larissa aliigawa: matundu manane ya ofisi, yaliyobaki ya chumba cha mbele. Akakaa kwenye kompyuta ya mbele, akajaribu kuifikia ya ofisi, akashindwa. Alifurahi. Karani wa ofisi alipomuuliza kama faili zinahitaji neno la siri, alimjibu, "Si lazima. Hakuna mtu wa mbele anayeweza kufika huku."

Simu yake ikalia wakati huohuo. Adélaïde alikuwa ameanguka kwenye foleni ya maji. Larissa alifunga kompyuta yake akatoka mbio.

Mama alipona baada ya wiki. Mtandao ulifanya kazi vizuri, na Larissa hakuwa na sababu ya kuifungua swichi tena.

Mwezi uliofuata mvua ya mawe iliangusha nguzo na umeme ukakatika mchana kutwa. Uliporudi, kila kitu kiliwaka. Intaneti ilipatikana mbele na nyuma, hakuna aliyelalamika. Wala hakuna aliyejua kwamba swichi ilikuwa imeamka imesahau mafungu yake, na nyumba imekuwa tena ya chumba kimoja.

Siku nne baadaye Madeleine, mama Mkongo kutoka upande wa Uvira ambaye majirani walimwita Mama Bienvenu, alikuja kituoni. Alikuwa amemtaja mtu mmoja katika maelezo yake, na ndugu wa mtu huyo waliishi Nakivale. Asubuhi hiyo wawili kati yao walisimama mbele ya nyumba yake na simu mkononi, wakamsomea maneno yake mwenyewe, sentensi kwa sentensi, yalivyoandikwa na karani.

Msimamizi wa kituo, Madamu Kiconco, aliita wafanyakazi wote. Ofisi haikuvunjwa. Mwenye ufunguo, ukimtoa karani, alikuwa Constantin, mzee Mrundi aliyetunza jenereta na kufagia. Kiconco alimwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Mzee alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Larissa alimwita tonton, yaani mjomba, tangu walipokuwa majirani Kabazana, na alimtazama akitoka.

Ndipo alipoenda kwenye swichi. Aliunganisha kompyuta yake akaiuliza matundu yamegawanywaje. Yote ishirini na manne yalikuwa fungu moja. Alisoma mara ya pili, polepole. Kisha akaenda kwenye kompyuta ya mbele, na kwa kubofya mara tatu akayaona majina: Madeleine na wengine kumi.

Alifanya kwanza lililokuwa la haraka. Akagawa matundu upya, akahifadhi, akachomoa waya ya umeme, akahesabu mpaka ishirini, akairudisha. Mafungu yalikuwepo. Alipomaliza ndipo alipoelewa kwamba ameshafuta kosa lake. Pale kituoni hakuna mwingine aliyejua kuisoma swichi. Akinyamaza, itabaki kuaminika kwamba ni ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa Constantin.

Alikaa pale sakafuni muda mrefu. Aliwaza mshahara, dawa za mama, na maharage yaliyopigwa na mvua. Kisha akaenda kwa Kiconco.

"Si mzee Constantin," alisema. "Ni mimi. Niligawa mtandao, sikuhifadhi. Umeme ulipokatika, yote yakafunguka. Na mimi ndiye niliyesema neno la siri si lazima."

Kiconco alimwangalia. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Yule mzee yuko nyumbani, Madamu. Na kuna wanawake wengine kumi hawajui kama majina yao yameonekana."

Kiconco alishusha pumzi. "Hiyo ya wanawake ngoja kwanza. Lazima niulize wakubwa. Tukisema ovyo, watu wataogopa kuja hapa."

Siku tatu zikapita bila jibu. Constantin alirudishwa kazini. Alimsalimu Larissa kwa heshima, kama mtu asiyemjua. Madeleine alihamishiwa Oruchinga, makazi mengine ya wakimbizi, na watoto wake. Siku ya nne Larissa aliacha kungoja. Alikuwa ameyashika majina yote kichwani. Alitembea kutoka nyumba hadi nyumba, akiomba kuongea na mama mwenyewe, peke yake, mbali na watoto. Mmoja alilia. Mmoja alimfungia mlango. Wawili walianza kufunga vitu vyao palepale. Kiconco aliposikia, alimwachisha kazi, na barua yake ilitaja uvujaji wa siri za ofisi.

Mwisho alikwenda Oruchinga. Madeleine alikuwa akipalilia kiwanja kipya, chenye mawe mengi. Alimsikiliza Larissa mpaka mwisho akiwa ameshika jembe.

"Muliniambia hakuna mutu atayasoma," alisema. "Nilikaa miaka tano bila kuyasema. Hata mume wangu hakuyajua. Sasa batu banayajua kuliko yeye."

"Nisamehe, Mama Bienvenu."

"Siwezi kukuambia nimekusamehe, ningekudanganya." Akapiga jembe mara moja. "Bale bengine, uliwaambia?"

"Wote kumi."

"Ni vizuri." Akainama tena kwenye mistari ya mihogo. Larissa alisubiri kidogo, kisha akaanza kukusanya mawe na kuyapeleka kwenye mpaka wa shamba. Madeleine hakumkataza. Walifanya kazi mpaka jua lilipokuwa kali, ndipo Larissa akanawa mikono na kuaga.

Leo yuko Mbarara, kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Anaseti swichi za maduka na shule, na wenzake wanamcheka kwa kuzizima mara tatu kabla ya kuondoka. Hakuwaeleza kwa nini. Adélaïde amebaki Nakivale, na kila Larissa anapokwenda kumwona, anapita njia ndefu ili asipite mbele ya kituo.